Maziwa hayachachi kifuani

Huku Mombasa mama akirudi kazini baada ya ile livu ya miezi 3 aambiwa ati maziwa yaliyoshinda kifuani kutwa nzima na hili jua yashachacha, akifika nyumbani akamue amwage kwanza ndo mtoto anyonye. Jamani usimwage! Titi si sufuria, maziwa yako ndani ya mwili ulio hai, yana kinga zake, na mengine yaendelea kutengenezwa vile mtoto anavyonyonya, kwa hivyo hata ukikwama kwa feri Likoni masaa 2, ukifika mpe tu. Yaniuma sana kuona chakula cha mtoto chamwagwa hivi hivi.

Yanayoharibika ni yale yashakamuliwa. Nje yakae masaa 4 tu, na hiyo ni joto la digrii 25 kushuka, sasa kwetu lapita hapo siku nyingi, so tia kwa friji, humo yakaa mpaka siku 4. Mafuta yakipanda juu ni kawaida, tikisa polepole. Na mtoto akikataa chupa, mwache bibi yake ampe kabla hajalia njaa, wewe toka chumbani manake akikunusa ataka titi, ama mnyweshe kwa kikombe kidogo, hata mtoto mchanga aweza.