Athari katika muziki ni nini? Tuuchukue "Jump" wa Van Halen

Mashabiki wa roki wana ubishi mmoja usiozeeka: "Jump", wimbo wa bendi ya Van Halen ya Marekani uliotoka Desemba 1983, chanzo chake ni nini? Wapo wanaoapa kwamba Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa bendi hiyo, aliuchota kwa Hall & Oates, waimbaji wawili wa Marekani, kwenye "Kiss on My List" wa mwaka 1980. Wengine wanamtaja Prince. Wengine wanarudi nyuma hadi bendi ya The Who na vinanda vyao vya 1971. Na wapo wanaokasirika kabisa ukiwauliza, kwa sababu kwao Eddie hakuhitaji kuchota kwa mtu yeyote. Kila upande una ushahidi wake, na ukiutazama ushahidi huo vizuri utaona wanabishania mambo tofauti wakidhani ni moja.

Kwanza tujue kwa nini wimbo wenyewe ulishtua watu. Van Halen ilikuwa bendi ya gitaa. Albamu yao ya kwanza, ya 1978, iliwafanya vijana wengi waanze kupiga gitaa kwa kugonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, kama Eddie. Halafu inakuja "Jump", na kitu cha kwanza kusikika ni kinanda cha sinthesaiza, yaani cha umeme kinachotengeneza sauti zake chenyewe, kikubwa, king'avu, kimejaza chumba kizima. Gitaa limekaa nyuma likisubiri zamu yake ya solo, na hata likimaliza solo, kinanda nacho kinachukua ya kwake. Kwa shabiki wa zamani hiyo ilikuwa kama kusalitiwa. Kwa wasikilizaji wengine ilikuwa raha tupu: kuanzia Februari 1984 wimbo ulikaa namba moja Marekani kwa wiki tano, na ndio pekee wa bendi hiyo uliowahi kufika kileleni mwa chati kuu ya nyimbo ya Billboard.

Kumbe kinanda hakikuwa kigeni kwa Eddie hata kidogo. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1955, baba yake akiwa mpiga klarineti na saksafoni, na familia ilipohamia Pasadena, California, mtoto alipelekwa kujifunza piano ya klasiki. Mwaka 1980, katika "And the Cradle Will Rock...", alipiga piano ya umeme aina ya Wurlitzer akiipitisha kwenye spika za gitaa, na wengi waliousikia walidhani ni gitaa. Kile kipande cha kinanda cha "Jump" alikuwa nacho mapema kuliko mwaka wa kurekodi, lakini wenzake hawakukitaka. David Lee Roth, mwimbaji, aliona kwamba mtu ambaye dunia inamjua kwa gitaa hana sababu ya kuonekana nyuma ya kinanda. Hadi Eddie alipojijengea studio nyumbani kwake mwaka 1983, akaiita 5150, na kurekodi humo usiku na fundi mitambo Donn Landee, ndipo kipande kile kikapata njia.

Sasa dhana yenyewe. Athari katika muziki ni alama ambayo kazi moja inaiacha ndani ya kazi nyingine kwa kupitia mtu aliyeisikia. Sehemu ya mwisho ya maelezo hayo ndiyo inayosahaulika. Lazima kuwe na mtu, na lazima awe alisikia. Nyimbo mbili zinaweza kufanana kama pacha bila yoyote kumwathiri mwenzake, na zinaweza kutofanana kabisa ilhali moja isingekuwepo bila nyingine.

Athari pia si kunakili. Anayenakili anachukua kitu kizima, ukiweka nyimbo mbili sambamba unakiona. Si kusampo pia, ambako prodyuza anakata kipande cha rekodi yenyewe na kukipachika kwenye wimbo wake, kama rapa Vanilla Ice alivyofanya mwaka 1990 kwa besi ya "Under Pressure" ya Queen na David Bowie. Wala si kuazima waziwazi. Wapenzi wa taarab ya Mombasa wanalijua hili kuliko mtu yeyote: Juma Bhalo alipoimba maneno ya Kiswahili juu ya melodia za filamu za Kihindi, hakuna aliyehitaji kufanya upelelezi. Wasikilizaji waliijua filamu, na kuijua kulikuwa sehemu ya utamu.

Queen wanatupa mfano mzuri wa athari inayofuatilika hatua kwa hatua. Hii ndiyo bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1946, na kwa miaka mingi ya 1970 iliandika kwa majivuno kwenye majalada ya albamu zake kwamba hakuna sinthesaiza iliyotumika. Mwaka 1980, katika albamu ya The Game, mlango ukafunguliwa. Ila mfano ninaoutaka kutoka albamu hiyo ni wa besi, "Another One Bites the Dust". John Deacon, mpiga besi wa Queen aliyeutunga, alikuwa amekaa studio na kundi la Chic, waliopiga "Good Times" mwaka 1979, na Bernard Edwards wa Chic amelisimulia hilo mwenyewe. Sikiliza besi zote mbili: zile noti tatu za mwanzo zinazokanyaga mapigo sawasawa, kisha pengo, kisha jibu. Noti zinazofuata si zilezile, lakini mwendo ni ndugu. Mtu tunamjua, chumba alichosikilizia tunakijua, alama tunaisikia. Hapo huna haja ya kubishana.

Wengine wanarahisisha kazi kwa kutamka wenyewe. The Who walipouita wimbo wao "Baba O'Riley" mwaka 1971, walikuwa wamewataja walimu wawili wa Pete Townshend, mpiga gitaa na mtunzi wao, kwenye jina lenyewe: Meher Baba, mwalimu wake wa kiroho kutoka India, na Terry Riley, mtunzi Mmarekani wa muziki wa vipande vinavyojirudia na kubadilika polepole. Jambo la kuchekesha ni kwamba ule mlio unaobubujika mwanzoni, unaotajwa kila siku kama mwanzo wa sinthesaiza kwenye roki, ulitoka kwenye kinanda cha nyumbani cha Lowrey chenye swichi ya kurudia noti. Sinthesaiza ya kweli imo kwenye albamu hiyohiyo, katika "Won't Get Fooled Again", ambako Townshend aliipitisha sauti ya kinanda ndani ya mashine ya Kiingereza ya EMS VCS 3. Kwa hiyo anayesema "Jump" unatokana na "Baba O'Riley" kwa kuwa "zote zina sinthesaiza" ameanza vibaya. Angesema The Who waliwaonyesha watu wa roki kwamba kinanda kinaweza kuanza wimbo na kuubeba, gitaa likaingia baadaye, ningemsikiliza.

Hapa tumefika penye kiini cha ubishi, na kwa maoni yangu ndipo mashabiki wengi wanapopotea: chombo. Sinthesaiza ya Minimoog, iliyoanza kuuzwa 1970, ilipiga noti moja tu kwa wakati mmoja. Mpigaji aliweza kutoa melodia au besi, basi. Mwishoni mwa muongo huo zikaja mashine zenye uwezo wa kupiga noti kadhaa kwa pamoja na kuhifadhi sauti ulizozitengeneza, ili uzirudishe kwa kubonyeza kitufe. Prophet-5 ilitoka 1978. Kampuni ya Tom Oberheim huko California ikatoa OB-X mwaka 1979, na baada yake OB-Xa. Sauti ya Oberheim ni nene, kama tarumbeta kumi zilizopigwa na watu wasiochoka, na ghafla bendi yenye watu wanne iliweza kusikika kama ina kundi zima la wapiga tarumbeta.

Angalia nani walikuwa nazo. Queen walitumia OB-X katika The Game. Ule mngurumo wa "Tom Sawyer" wa bendi ya Rush, wa 1981, unahusishwa na OB-X. Prince alitumia mashine za Oberheim kujaza nafasi ambayo zamani ingekaliwa na wapiga tarumbeta. Na "Jump" ulipigwa kwa OB-Xa. Nyumba mbili zikinunua bizari duka moja, harufu ya mchuzi itafanana. Haimaanishi mmoja alichungulia jikoni kwa mwenzake. Anayesema "Jump" una athari ya Prince kwa sababu ya rangi ya sauti, ajiulize kama anamsikia Prince au anamsikia Tom Oberheim.

Tarehe nazo zina mitego. Sikiliza "The Final Countdown" wa Europe, bendi ya Sweden, uliotoka 1986. Tarumbeta za kinanda, ufunguzi wa kishujaa, gitaa linangoja. Utasikia watu wakisema bila kusita kwamba huo ni mtoto wa "Jump". Lakini mtunzi wake, Joey Tempest, ameeleza kwamba kile kipande alikitunga mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1980 kwenye sinthesaiza ya Korg Polysix aliyoazima, kikakaa kabatini miaka kadhaa. Kama ni hivyo, kilikuwepo kabla dunia haijausikia "Jump". Mafanikio ya "Jump" yanaweza kuwa yaliwapa wanabendi na kampuni ujasiri wa kukitoa kabatini, na hiyo nayo ni athari, ila ni athari juu ya uamuzi, haimo kwenye noti.

Tarehe ya kutoka si tarehe ya kutungwa. Hilo peke yake lingemaliza nusu ya mabishano ya aina hii.

Je, kama mtunzi hajui kwamba ameathiriwa? Hutokea, na mahakama ya Marekani imewahi kulisema. George Harrison alitoa "My Sweet Lord" mwaka 1970. Wamiliki wa "He's So Fine", wimbo wa The Chiffons wa 1963, walimshtaki, na mwaka 1976 jaji akaamua kwamba Harrison alikuwa amenakili bila kukusudia, wimbo ule wa zamani ukiwa umejificha kichwani mwake. Ndiyo maana kauli ya mtunzi kwamba "sikuwa nauwaza wimbo ule" haifungi kesi. Inaeleza alichokuwa anakijua, si kila alichokuwa nacho.

Turudi kwa Hall & Oates, kwa sababu hapa kuna ushahidi wa mdomo. Daryl Hall amesimulia kwamba Eddie mwenyewe alimwambia kile kipande cha "Jump" kilitoka kwenye "Kiss on My List", na kwamba yeye Hall hakuona ubaya wowote. Tarehe hazipingani na simulizi hilo: wimbo wa Hall ulifika namba moja Marekani Aprili 1981, ukapigwa redioni hadi watu wakauota. Huwezi kuishi California mwaka ule usiusikie. Hall ana simulizi la pili la namna hiyohiyo: kwamba Michael Jackson, siku ya kurekodi "We Are the World" Januari 1985, alimwambia mwendo wa "Billie Jean" ulitoka kwenye "I Can't Go for That", wimbo wa Hall na mwenzake. Hall anasema alimjibu kwamba hata yeye alikuwa ameuchukua mahali pengine.

Ukiyaweka masimulizi haya mawili pamoja unapata picha ya kufurahisha. Albamu ya 1984, yenye "Jump" ndani yake, ilikwama namba mbili Marekani. Iliyoizuia ni Thriller ya Michael Jackson, yenye "Billie Jean", na yenye "Beat It" ambamo solo ya gitaa ilipigwa na Eddie Van Halen, tena bila malipo.

Mimi namwamini Hall, lakini kwa kiasi. Anachoweza kudai ni mdundo wa mkono: namna ya kuchapa noti kadhaa kwa mkato, nyingine zikiangukia katikati ya mapigo badala ya juu yake. Hilo linasikika katika nyimbo zote mbili. Tena kuna mlango mwingine ambao mashabiki huupita bila kubisha hodi: Ted Templeman, prodyuza wa Van Halen, ndiye aliyewatengenezea bendi ya Doobie Brothers "What a Fool Believes", wimbo uliofika namba moja mwaka 1979 ukibebwa na kinanda cha Michael McDonald kinachorukaruka kwa mkato wa namna hiyo. Na McDonald huyohuyo ni mmoja wa watunzi wa "I'll Wait", wimbo mwingine wa kinanda kwenye albamu ileile ya 1984. Watu hawa walikuwa wanapishana kwenye korido moja.

Asichoweza kudai Hall ni lile jambo linaloufanya "Jump" uwe "Jump": noti za juu zinahama huku besi chini imekataa kutoka mahali pake, inagonga noti moja tu, ile ya do. Wapiga kinanda wa kanisani wamekuwa wakifanya hivyo kwa karne nyingi, mguu umekanyaga noti moja huku mikono inatembea, na mtoto aliyefundishwa piano ya klasiki hukutana nalo mapema. Sehemu hiyo naiweka kwa walimu wake wa piano, ambao majina yao hayatajwi kwenye ubishi wowote.

Kuhusu maneno ya wimbo, ajabu ni kwamba hakuna anayegombana. Roth alisema aliyapata kwenye habari za televisheni: mtu amesimama juu ya jengo refu akitishia kujirusha, na Roth akawaza kwamba chini pale lazima kungekuwa na mmoja wa kumpigia kelele aruke. Baadaye yakageuka kuwa wito kwa msichana asisitesite.