Utajuaje kama huduma ya hospisi ni bora? Maswali ya familia na majibu yake

Familia nyingi hulisikia neno hospisi kwa mara ya kwanza siku ambayo daktari anawaeleza kwamba matibabu ya kuuondoa ugonjwa hayana tena faida, na siku kama hiyo si wakati mwema wa kuanza kulinganisha watoa huduma. Majibu yafuatayo yameandikwa hasa kwa familia za Tanzania, Kenya na Uganda. Hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari anayemjua mgonjwa wenu. Kazi yake ni kuwasaidia kutambua kama watu wanaotaka kumhudumia wanaiweza kazi hiyo.

Swali: Hospisi ni jengo au ni huduma?

Jibu: Ni huduma kwanza, ya kumpunguzia mgonjwa mahututi maumivu na mahangaiko na kuisaidia familia yake, na jengo linaweza kuwepo au lisiwepo. Hospisi ya kisasa huhesabiwa kuanzia mwaka 1967, daktari Cicely Saunders alipofungua St Christopher's mjini London, akisisitiza kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayako mwilini tu, bali pia yamo katika mawazo yake, katika uhusiano wake na watu na katika imani yake. Barani Afrika huduma hiyo ilianzia Harare mwaka 1979, kisha Nairobi Hospice ikaanza kuhudumia wagonjwa mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda ikafunguliwa Kampala mwaka 1993. Nchini Tanzania wengi wanaifahamu kwa jina la tiba shufaa, kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road, hospitali za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri na hospitali teule ya Muheza mkoani Tanga.

Katika nchi zetu sehemu kubwa ya huduma hii hufanyika nyumbani kwa mgonjwa, na aghalabu anayefika mlangoni ni muuguzi mwenye mkoba. Kwa hiyo anayepima ubora kwa kuangalia vitanda, marumaru na mapazia anaangalia kitu ambacho huenda mgonjwa wake asikione kamwe. Vilevile, hospisi si ya saratani peke yake: mtu mwenye moyo au figo zilizoshindwa kazi, anayeishi na VVU na kuzidiwa, au mtoto mwenye selimundu anayesumbuliwa na maumivu makali, wote wanaweza kufaidika nayo, tena wakiwa bado wanaendelea na matibabu mengine.

Swali: Tukiwa na nafasi ya kuuliza swali moja tu, tuulize nini?

Jibu: Ulizeni, “Mna mofini ya kunywa leo, na ikiisha mnaipata wapi?” Swali hili linaonekana la kifamasia tu, lakini jibu lake hufichua karibu kila kitu kingine: kama mtoa huduma ana kibali cha kushika dawa inayodhibitiwa kisheria, kama ana mtu aliyefunzwa kuiandika, kama ana ushirikiano na hospitali, na kama anaamini kwamba maumivu ni jambo la kutibiwa na si la kuvumiliwa.

Mofini ya kunywa, dawa ya kutuliza maumivu makali, ni unga uliochanganywa na maji kwa vipimo maalumu, na ni ya bei nafuu. Kwa miaka mingi Ocean Road ndiyo iliyokuwa kitovu cha kuitayarisha nchini Tanzania. Uganda, kwa upande wake, ilibadili kanuni mwaka 2004 na kuwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa sababu madaktari ni wachache na wagonjwa wako vijijini. Mtoa huduma anayewaambia kwamba kwa maumivu makali ya saratani parasetamoli inatosha, au kwamba ana sindano tu na hizo hutolewa mgonjwa “akizidiwa kabisa”, huyo bado hajaianza kazi ya hospisi hata kama kibao chake kimeandikwa hivyo.

Baada ya hapo, sikilizeni anavyoieleza ratiba. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limekuwa likifundisha kwamba dawa ya maumivu ya saratani itolewe kwa mdomo inapowezekana na kwa kufuata saa, bila kusubiri mgonjwa alie ndipo apewe. Mofini ya maji hudumu mwilini kwa takribani saa nne, kwa hiyo ratiba ya kawaida huwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Dozi ya saa 4 usiku mara nyingi huandikwa maradufu ili mgonjwa alale hadi asubuhi bila kuamshwa. Muuguzi mzuri huyaandika yote hayo kwenye karatasi, huwapa bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia, huweka alama ya kalamu mahali dawa inapopaswa kufika, kisha humwambia mtunzaji apime mbele yake kabla yeye hajaondoka. Pia ataeleza dozi ya ziada ya kutumia maumivu yakichomoza kabla ya saa yake.

Jambo jingine dogo lenye uzito mkubwa ni dawa ya kulainisha choo. Karibu kila anayetumia mofini mfululizo hupata choo kigumu, hivyo dawa hiyo huanzishwa pamoja na mofini, isipokuwa kama mgonjwa tayari anaharisha. Mtoa huduma aliyekabidhi mofini akasahau hili atawaletea usumbufu ambao baada ya wiki moja utamfanya mgonjwa aikatae dawa yenyewe.

Swali: Ndugu zetu wanasema mofini itamfanya mgonjwa awe teja, au itaharakisha kifo chake. Tuamini nini?

Jibu: Ikitolewa kwa kipimo sahihi dhidi ya maumivu halisi, na dozi ikipandishwa hatua kwa hatua, mofini haiharakishi kifo, na wagonjwa wa namna hii ni nadra kuingia katika uraibu. Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia na kupata kichefuchefu, na kwa kawaida hali hiyo hupungua. Wakati mwingine usingizi huo ni wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa wiki kadhaa.

Hata hivyo, mofini si dawa ya kuchezewa, na hapa napo pana kipimo cha ubora. Mtoa huduma makini huwafundisha dalili za dawa kuzidi: mgonjwa haamki anapoitwa, anapumua polepole mno, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini. Huuliza pia kuhusu figo, kwa sababu figo dhaifu huifanya dawa ikae mwilini muda mrefu zaidi. Anayewaambia kwamba mofini haina madhara yoyote ananitia shaka sawa na yule anayewaambia kwamba ni sumu.

Swali: Ziara ya kwanza inapaswa kuwaje?

Jibu: Iwe ndefu. Ziara ya kwanza inayokwisha kabla chai haijapoa mara nyingi ni ya kujaza fomu. Muuguzi anapaswa kuzungumza na mgonjwa mwenyewe, si na mwana mkubwa au shangazi aliyesimama mlangoni, na amuulize ni kitu gani kinachomsumbua zaidi leo. Jibu huenda lisiwe maumivu. Kuna mama ambaye kinachomnyima usingizi ni ada ya shule ya mtoto wa mwisho, na kuna mzee anayetaka kupatana na ndugu yake kabla hajaondoka duniani.

Kupima maumivu kuna utaratibu unaojulikana. Chama cha huduma shufaa cha Afrika, chenye makao yake Kampala, kiliandaa dodoso fupi la maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya mtunzaji, ambalo alama zake huanzia 0 hadi 5. Asiyejua kusoma huonyesha kwa mkono: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Ulizeni kama wanatumia kipimo hiki au kinachofanana nacho, na kama alama za leo zitaandikwa mahali ili ziara ijayo zilinganishwe. Bila kumbukumbu hizo, kauli ya “anaendelea vizuri” ni maoni tu.

Kisha mtazameni anavyomkagua. Atafungua kinywa kuona kama kuna utando mweupe wa fangasi. Ataomba ruhusa ya kumgeuza mgonjwa aone kiunoni, matakoni na visiginoni, sehemu ambazo vidonda vya kulalia huanzia kama wekundu au weusi tu wa ngozi, na atawaonyesha jinsi ya kumgeuza kila baada ya saa mbili bila kumburuta juu ya shuka. Ikiwa kuna kidonda cha saratani kinachotoa harufu, hatakunja pua wala kuishia kuagiza udi: ataeleza jinsi vidonge vya metronidazoli vinavyosagwa na unga wake kunyunyiziwa kidondani, kwa kuwa harufu hiyo huletwa na bakteria ambao dawa hiyo huwaua. Kwa maoni yangu, hakuna kinachoirudishia familia heshima haraka kama kuondoka kwa harufu ile, maana wageni waliokuwa wakisalimia kutoka mlangoni huanza tena kukaa karibu na kitanda.

Swali: Mgonjwa akizidiwa usiku itakuwaje?

Jibu: Msikubali jibu la jumla. Ulizeni namba ni ipi, inapokewa na nani baada ya saa 12 jioni, na mtu huyo ana uwezo gani wa kubadili dozi kwa simu au kuja. Watoa huduma wengi wa kwetu hawana gari la usiku, na si haki kuwahukumu kwa hilo peke yake. Lakini muuguzi anayepokea simu saa 8 usiku na kumwelekeza mtunzaji atoe dozi ya ziada iliyokwisha kuandikwa anaweza kumwepusha mgonjwa na safari ya bodaboda kwenda hospitali ambako hakuna anayemfahamu. Jaribuni kupiga jioni moja kabla hamjaihitaji namba hiyo.

Swali: Vipi kuhusu leseni na mafunzo?

Jibu: Kituo kiwe kimesajiliwa na mamlaka ya afya ya nchi, na wauguzi na madaktari wake wawe na leseni hai kutoka mabaraza yao, kuuliza si utovu wa adabu. Ulizeni pia nani amesomea tiba shufaa mahsusi, kwa sababu daktari bingwa wa jambo jingine anaweza kuwa hajawahi kuandika mofini ya kunywa. Wahudumu wa kujitolea wa jamii ni msaada mkubwa, ila wasiachiwe maamuzi ya dawa.

Swali: Na gharama?

Jibu: Ombeni maelezo kabla ya huduma kuanza: ziara, usafiri, dawa, vifaa vya kidonda, na kama bima yenu inahusika. Uganda, kwa mfano, mofini ya kunywa hutolewa bila malipo, kwa hiyo anayeitoza huko anapaswa kujieleza. Msilipe fedha nyingi kwa mkupuo kwa huduma ya miezi mingi ijayo.

Swali: Tumepata mtandaoni orodha ndefu ya maswali ya kuuliza hospisi. Tuitumie?

Jibu: Angalieni imeandikwa wapi. Nyingi ni za Marekani, ambako bima ya Medicare hulipia hospisi kwa mgonjwa anayethibitishwa na daktari kuwa huenda amebakiza miezi 6 au pungufu ugonjwa ukifuata mkondo wake wa kawaida, na ambako serikali huchapisha alama za kulinganisha watoa huduma. Ndugu aliyeko Minneapolis azitumie alama hizo, zitamfaa. Kwetu sharti la miezi 6 si kanuni ya jumla, na kulisubiri kunawachelewesha wagonjwa ambao wangeanza kupata nafuu mapema.

Swali: Familia imeamua mgonjwa asiambiwe ukweli. Mtoa huduma mzuri atafanya nini?

Jibu: Hatawagombeza, wala hatamwambia mgonjwa ghafla. Atawauliza mnachoogopa, kisha atamuuliza mgonjwa anaelewa nini kuhusu hali yake na angependa kujua kiasi gani. Mara nyingi hubainika kwamba anajua na alikuwa akiwalinda ninyi. Hatamdanganya akiulizwa waziwazi. Mambo ya dini yatafuata imani ya mgonjwa, si ya mhudumu: shehe, padri au mchungaji aitwe na mwenye nyumba, na mkoba wa dawa usiwe kisingizio cha kuhubiri.

Swali: Ni dalili gani zitufanye tuondoke, na tuondokeje?

Jibu: Ahadi ya kuponya ni ya kwanza, hasa ikiambatana na virutubisho vya kununua. Nyingine ni maumivu makali yanayoendelea kwa siku kadhaa bila mtu kubadili dozi, ziara zinazoahirishwa bila taarifa, na mtu mpya kila wiki anayeanza maswali upya. Kwanza zungumzeni na msimamizi, kwa kuwa mengine hurekebishika. Mkiamua kuondoka, dai barua yenye ugonjwa, dawa na dozi za sasa, na hakikisheni chupa mpya ya mofini iko mkononi kabla ile ya zamani haijaisha, kwa sababu kuikatisha ghafla humrudishia mgonjwa maumivu pamoja na kutetemeka na kuharisha.

Swali: Mgonjwa akifariki, kazi ya hospisi imekwisha?

Jibu: Haijaisha. Mtarajie simu, na ikiwezekana ziara baada ya matanga, hasa kwa mtunzaji mkuu na kwa watoto. Anayekuja atachukua pia mofini iliyobaki, au atawaelekeza pa kuirudisha. Haimwagwi chooni na hapewi jirani, hata kama jirani naye ana mgonjwa.