"Tutaifunga kwenye kasha": dhana potofu kuhusu chipu za umeme za satelaiti

Nabuni chipu zinazogawa na kudhibiti umeme ndani ya vyombo vya angani, na kazi naifanyia hapa hapa Tanga. Wateja wangu wengi ni vijana wanaounda satelaiti ndogo. Karibu kila mradi unaanza na kauli ileile, na sasa imenichosha: "Tutanunua chipu ya kawaida, halafu tuifunge kwenye kasha la alumini." Mafundi sola wa mtaa wa Ngamiani nao huniambia hivyohivyo, ila wao nawasamehe, hawajawahi kudai kwamba wanarusha chochote.

Kasha halitoshi. Mionzi ya angani huua chipu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya polepole: elektroni na protoni, hasa zilizonaswa katika mikanda ya Van Allen (maeneo ya mionzi yanayoizunguka dunia), huipiga chipu mwaka hadi mwaka na kuacha chaji ndani ya oksaidi, tabaka la kuhami umeme, ya transista, zile swichi ndogo za chipu. Hapo kasha linasaidia, sikatai. Chombo cha Juno, kinachoizunguka sayari ya Mshtarii (Jupita) tangu 2016, kimewekewa vifaa vyake nyeti ndani ya sanduku la titaniamu lenye kuta za unene wa sentimeta 1 hivi. Hata hivyo sanduku linapunguza dozi ya mionzi tu, haliifuti.

Njia ya pili ni chembe moja. Ioni nzito inayotoka mbali nje ya mfumo wa jua hupenya alumini na kuendelea na safari yake. Hapo ndipo mtu huniambia, "Basi tutumie madini ya risasi." Jamani! Risasi ni nzito, kila kilo inalipiwa kurushwa, na chembe zikiigonga huzaa eksirei na chembe nyingine. Ioni ikipita kwenye transista ya nguvu iliyozimwa huku ikizuia volti nyingi, huchora njia ya chaji ndani yake, mkondo hufumka, transista huungua. Ikipita kwenye chipu ya CMOS, aina ya kawaida kabisa, inaweza kuamsha thairista (swichi inayojishikilia ikiwaka) isiyokusudiwa, iliyojificha ndani ya silikoni. Hiyo ikishawaka haizimiki mpaka umeme ukatwe, na usipokatwa mapema chipu inajichoma.

Kwa hiyo kinga huchorwa ndani ya silikoni yenyewe. Tunazungushia transista pete za ulinzi, au tunazijenga juu ya kihami, kitu kisichopitisha umeme, ili thairista ile isipate pa kuzaliwa. Transista ya volti 200 tunaipa kazi ya volti 100 au chini ya hapo. Rejista, kumbukumbu ndogo inayoshika amri ya kuwasha na kuzima, tunaiweka mara tatu, zipige kura, wengi wape. Kisha tunahakikisha kilinganishi, saketi inayolinganisha volti mbili, kikipigwa na chembe hakirushi volti kwenye waya wa kutolea, maana prosesa ya volti 1 haivumilii nusu volti ya ziada.

Wengine hudhani chipu ya umeme ni rahisi kuliko ya kompyuta. Kwa dozi ya polepole, mara nyingi ni kinyume. Oksaidi nyembamba ya chipu za kompyuta za kisasa hunasa chaji kidogo. Transista za volti nyingi zinataka oksaidi nene, nayo hunasa chaji nyingi, hadi transista iliyotakiwa kuzimika inaendelea kupitisha mkondo. Mwaka 2024, miezi michache kabla ya kuruka, wahandisi wa Europa Clipper, chombo cha NASA cha kwenda Mshtarii, waligundua kwamba baadhi ya transista zao za nguvu hazihimili mionzi kama walivyotarajia, na chombo hicho nacho kina sanduku lake la kinga. Walipima miezi kadhaa ndipo wakaridhika, kikaruka tarehe 14 Oktoba.

Na mkipima, pimeni polepole. Ushauri huu hakuna anayeupenda, kwa sababu muda wa kupima kwa kobalti-60, chanzo cha mionzi ya gama, unalipiwa. Lakini saketi nyingi za transista za aina ya baipola huharibika zaidi dozi ileile inapokuja taratibu, kama inavyokuja angani. Chipu iliyofaulu kwa dozi ya haraka bado haijanishawishi.

Dhana nyingine nazisikia pia. "Angani ni baridi, joto halitusumbui." Hakuna hewa, kwa hiyo feni haina cha kupuliza. Inveta iliyotundikwa ukutani hapa Chumbageni kwenye joto la Februari inapoa kwa urahisi kuliko chipu yako, ambayo joto lake lazima lipite kwenye bodi, liingie kwenye fremu, ndipo litoke kama mionzi ya joto.

"Juu kuna jua saa zote." Satelaiti iliyo karibu na dunia huizunguka kwa dakika 90 hivi, na katika mizunguko mingi dakika 35 hivi ni giza. Betri inajaa na kupungua zaidi ya mara 5,000 kwa mwaka. Taa ya sola ya mvuvi wa dagaa inachaji mara moja kwa siku, basi usiniletee saketi yake.

"Chipu za angani ni za kisasa kuliko zote." Gari la utafiti Perseverance lilitua Mirihi mwaka 2021 likiwa na prosesa ya RAD750, isiyozidi megahezi 200. Simu yako inaishinda mbali.

"Ikikwama tutatuma programu mpya." Programu hupokewa na redio, redio inakula umeme, na umeme unatoka kwenye chipu hiyohiyo iliyokwama. Saketi ya kukata mkondo iwe ya vifaa pekee, isiyotegemea programu: izime yenyewe, isubiri kidogo, iwashe tena, bila kuiuliza kompyuta.