Uyoga wa kutibu sonona: yanayosemwa mwaloni na ukweli wake

Mama mmoja anayeanika dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, alinionyesha video kwenye simu yake: uyoga unaponya sonona. Kijana wake hatoki chumbani tangu masika. "Nesi, hata huu wetu wa mvua si utafaa?"

Hapana, mama. Wanaofanya utafiti hawachumi uyoga porini. Hutumia silosaibini, kemikali ya uyoga wa maluweluwe, iliyopimwa kwa miligramu. Huu wa porini una jamaa zake wanaoua ini, na ubaya wao ni ukimya: mtu hula jioni, hulala vizuri, alfajiri ndipo anaanza kutapika wakati sumu imeshafika mwilini.

"Dawa za maluweluwe zote ni kitu kimoja." Siyo kweli. Silosaibini hugusa vipokezi vya serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, na kumshika mtu kwa muda wa saa kama 6. LSD, dawa nyingine ya maluweluwe, hupita njia hiyohiyo, ila yaweza kumshika mtu hata kwa muda wa saa 12. MDMA, ile ya vidonge vya "ecstasy", huufanya ubongo umwage serotonini kwa wingi, na imechunguzwa zaidi kwa wenye kiwewe. Nikisoma habari zake huwakumbuka walionusurika meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996. Ketamini ina mlango wake mwingine kabisa, wa glutamati, kemikali nyingine ya ubongo. Hiyo tunaijua: ni dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji.

"Marekani wameshazipitisha." Agosti 2024 MDMA ilikataliwa huko. Iliyokubaliwa, mwaka 2019, ni esketamini, jamaa ya ketamini, ya kupuliza puani, nayo hutolewa kituoni, mgonjwa akiangaliwa saa 2 nzima.

"Dozi moja, umepona." Hili ndilo linaloniuma, maana linawafanya watu waache vidonge vyao. Utafiti uliochapishwa 2022 ulikuwa na watu 233 ambao sonona yao haikusikia dawa za kawaida. Waliopewa miligramu 25 za silosaibini walipata nafuu kubwa ndani ya wiki 3 kuliko waliopewa miligramu 1. Kufika wiki ya 12, nafuu hiyo ilikuwa imedumu kwa mmoja tu kati ya watano. Na hawakuachwa peke yao na dawa. Walikaa na wataalamu kabla, wakati na baada.

Tafiti hizi pia huwaweka kando wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, kwenye ukoo, kwa hofu ya kuiamsha. Kwa hiyo nilimuuliza mama kama kuna ndugu aliyewahi kusikia sauti. Alinyamaza, akakung'uta magamba mikononi, akasema: mjomba wa kijana. Jumatatu tulikwenda na kijana kliniki.