Je, wajua? Kwa nini Raskazone iko ng'ambo ya reli na Ngamiani iko huku

Mgeni akikaa Tanga siku mbili tatu haachi kuuliza. Ngamiani barabara zina namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi zinapita ishirini. Nyumba zimeegemeana, kila moja na baraza yake, na baiskeli zinapishana na bajaji kutwa. Halafu unavuka reli, unapita mjini kwenye majengo ya Mjerumani, unashika barabara ya Hospitali kuelekea Bombo, na mji unabadilika. Viwanja vinakuwa vikubwa, miti mirefu, nyumba zimejificha ndani kabisa ya uzio, na kulia kwako hujui nani anaishi. Hiyo ndiyo Raskazone, kwenye rasi inayofunga ghuba ya Tanga. Huko ndiko viliko vilabu vya kuogelea, kilabu cha mashua na Hoteli ya Mkonge. Mji mmoja, pwani moja, vipi ukawa na sura mbili?

Ukimuuliza mtu yeyote atakwambia "uzunguni hapo", na hajakosea. Ila jibu hilo halisemi kwa nini uzunguni ilikaa pale na si kwingine, wala fedha za kuijenga zilitoka wapi. Kwa sehemu kubwa, jibu la maswali yote mawili ni reli.

Dunia nzima reli za mwanzo zilizaa mitaa ya mapumziko ya pwani, na mfano unaotajwa sana ni Brighton, kusini mwa Uingereza. Kabla ya mwaka 1841 ulikuwa mji wa wakubwa. Mfalme alikuwa na kasri lake pale, na safari ya kutoka London kwa gari la farasi ilimeza karibu nusu siku. Treni ilipofika mwaka 1841, safari ikawa ya saa mbili hivi. Ndani ya miaka kumi wakazi wa Brighton wakaongezeka kutoka watu 46,000 hivi hadi 65,000 na ushei, na hao ni wakazi tu. Wageni wa siku moja walikuwa habari nyingine: Jumatatu ya Pasaka mwaka 1862 walihesabiwa 132,000. Kwa lugha ya Tanga, waja leo waondoka leo. Malkia Victoria hakuipenda ile hali ya kutazamwa na umati kila anapotoka nje. Akatafuta nyumba kwenye kisiwa cha Wight, na mwaka 1850 kasri la Brighton likauzwa kwa mji wenyewe.

Hapo utaona reli inavyofanya kazi mbili kwa mpigo. Inawaleta wengi ufukweni, na papo hapo inawasukuma wenye nacho wakatafute sehemu tulivu zaidi. Barani kwetu jambo kama hilo lilitokea Muizenberg, karibu na Cape Town, ambako reli ilifika mwaka 1882. Kijiji cha wavuvi na kituo cha zamani cha askari kikageuka pwani ya matajiri wa dhahabu na almasi. Cecil Rhodes, mmoja wa matajiri hao, alikuwa na nyumba ndogo pale, na ndimo alimofia mwaka 1902.

Lakini kwa Tanga mfano unaonigusa zaidi uko Florida, Marekani. Tajiri wa mafuta Henry Flagler alikuwa akisukuma reli yake kusini kufuata pwani, na kila ilipofika alijenga hoteli. Mwaka 1894 alifungua hoteli kubwa ya mbao, Royal Poinciana, kwenye ukanda mwembamba wa mchanga uitwao Palm Beach. Vibarua, wapishi na wafuaji wengi hawakutakiwa kulala huko. Akawapimia mji wao ng'ambo ya maji, upande wa bara, ukaitwa West Palm Beach. Asubuhi wanavuka kwenda kazini, jioni wanarudi. Mtu wa Ngamiani hahitaji kufafanuliwa hilo.

Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Mwaka 1893, reli ya Flagler ikiwa bado njiani, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida hiyohiyo. Iliposhushwa pwani yetu na kupandwa Kikokwe, jirani na Pangani, mizima ilikuwa 62. Mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalianzia kwenye ile 62. Mwaka huohuo wa 1893, ujenzi wa reli ulianza Tanga.

Si kwamba reli ile ilijengwa kwa ajili ya mkonge. Kampuni iliyoanzishwa mwaka 1891 ilikuwa na ndoto ya kahawa ya milima ya Usambara, na Tanga ilichaguliwa kwa sababu ghuba yake ina kina na imekingwa, na milima haiko mbali. Ndoto ikakwama mapema. Kilomita 40 tu za kufika Muheza zilichukua hadi mwaka 1896, fedha zikaisha, na mwaka 1899 serikali ya Kijerumani ikalazimika kuichukua reli yenyewe. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911, kilomita 352 kutoka Tanga. Kahawa ya Usambara nayo haikuleta faida iliyotarajiwa. Ardhi na hali ya hewa ya milimani viliiangusha.

Mkonge ndio ulioiokoa reli, na reli ikauokoa mkonge. Ukitaka kuelewa hilo, litazame jani lenyewe. Ni zito, limejaa maji na utomvu unaowasha ngozi, na ukilipitisha kwenye korona (ile mashine ya kukamulia) nyuzi unazopata ni kama asilimia nne tu ya uzito wake. Kinachobaki ni takataka. Nyuzi zinaoshwa, zinaanikwa juani, zinapigwa brashi, kisha zinashindiliwa kuwa robota la kilo 250. Sasa mtafute mpagazi wa enzi za misafara, ambaye mzigo wake ulikuwa kilo 30 hivi. Robota moja lingehitaji watu wanane na bado lisiishe, na bei ya nyuzi si ya pembe za ndovu. Bila behewa, mkonge ungeozea shambani. Ndiyo maana mashamba yalijipanga kufuata njia ya reli: Pongwe, Muheza, Ngomeni, Korogwe, Mombo. Baadhi yao yalikuwa hata na vireli vyao vidogo vya kuvuta majani hadi korona.

Yote hayo yalikuwa yanashuka kwenda sehemu moja, bandari ya Tanga. Kwa sababu hiyo Wazungu wa Tanga hawakuweza kupumzika mbele ya mji wao wenyewe. Sehemu ya pwani iliyo karibu na katikati ya mji ilishikwa na njia za treni, maghala ya forodha, makuli na matishari (vyombo bapa vya kufikisha mizigo melini). Meli kubwa zilitia nanga ghubani, na marobota yakapelekwa kwa matishari, jambo lililoendelea Tanga kwa zaidi ya karne. Moshi wa vichwa vya treni, vumbi la mkonge, kelele za wapakiaji, nani angejenga kibaraza cha kunywea chai hapo?

Wakasogea mashariki, kule ambako reli haiendi. Rasi ile inapata upepo wa bahari ya wazi, imeinuka juu ya mwamba wa matumbawe, na iko mbali na mtaa wa wafanyakazi. Hilo la mwisho lilikuwa na uzito wake, kwa sababu madaktari wa kikoloni waliamini kwamba kuishi karibu na nyumba za Waafrika ni kujitafutia malaria. Wajerumani wakaijenga hospitali yao juu ya jabali lililoelekea bahari, na jengo lake la zamani bado lipo kwenye eneo la Hospitali ya Bombo. Baada ya hospitali zikaja nyumba za maofisa, na baada ya maofisa, mameneja.

Kisha mkonge ukapanda bei, na bila fedha hizo ningesema Raskazone ingebaki kuwa nyumba chache za serikali na mnara wa kuongozea meli. Chini ya Mwingereza, Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, bei ya nyuzi ilipaa kwa namna ambayo wazee wa mkonge waliizungumzia miaka mingi baadaye. Wenye mashamba, Wagiriki, Waingereza, Wahindi, Waswisi, walikuwa na ofisi Tanga mjini na mashamba huko juu kwenye reli, na walitaka mahali pa kukutana, kuogelea na kupeperusha tanga la mashua. Kilele cha uzalishaji kilikuwa mwaka 1964, tani 230,000 hivi. Ukipita Raskazone leo, nyumba nyingi unazozitazama zimetoka kwenye robota.

Na Ngamiani? Manamba walioletwa kwa mikataba kutoka bara, Wanyamwezi, Wasukuma, Waha na wengine, walikaa makambini kwenye mashamba. Lakini mji nao ulihitaji makuli, mafundi wa karakana ya reli, watumishi wa nyumbani na wauza duka. Hao wakapimiwa viwanja kusini ya reli, vidogo, vya mraba, kwenye mitaa ya namba iliyonyooka kama mistari ya daftari. Reli ikawa mpaka bila ya kujengwa ukuta. Sheria zilikuwepo, ndiyo, lakini mataruma na mabehewa yaliyoegeshwa vilikumbusha kila siku nani anakaa wapi. West Palm Beach walikuwa na maji, sisi tulikuwa na reli.

Rasi ileile nusura iandike historia nyingine. Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeanza, jeshi la Uingereza kutoka India lilishushwa Raskazone likitegemea kuuchukua mji kwa miguu. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawateremsha askari wake kutoka upande wa Moshi kwa treni, na ndani ya siku chache Waingereza walikuwa wamerudi melini, wakiacha silaha nyingi ufukweni. Nyuki nao walishiriki, wakawauma wapiganaji wa pande zote. Wengi huwakumbuka nyuki kuliko treni, wakati ni treni iliyoamua.

Jambo moja liko kinyume kabisa na Brighton. Reli ya Tanga, zama za Mjerumani, iliwatoa wapumzikaji baharini. Mzungu aliyechoshwa na joto la pwani alipanda treni hadi Mombo, kisha akapandishwa milimani Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmstal, kulala na blanketi. Bahari ilikuwa ya kazi, mlima wa starehe. Fukwe za Raskazone hazikujazwa na abiria wa tiketi za bei nafuu kamwe. Zilijazwa na watu waliokwisha tajirika mjini hapohapo. Ndiyo maana mtaa ule una vilabu vya wanachama na hauna ule mlolongo wa nyumba za wageni za bei ya chini unaoanzia stesheni kwenda majini, kama ilivyo kwenye miji ya pwani ya Uingereza.

Miji iliyokosa reli nayo ina kisa chake. Pangani, iliyokuwa mlango wa misafara ya kaskazini, iliachwa kando Tanga ilipopata treni. Bagamoyo iliumia zaidi. Ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891, lakini maji yake hayana kina, na reli ya kati ikaanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Wapagazi wakakosa kazi, na nyumba za mawe zikaanza kubomoka zenyewe.

Lakini kwa sababu hakuna maghala wala njia za treni zilizoishika pwani yao, fukwe zilibaki wazi. Hoteli za Bagamoyo na zile za Ushongo kusini ya Pangani zimekuja kwa nguvu ya barabara na gari, miaka mingi baadaye, na zimekalia mchanga ambao reli ingeuchukua. Kwa maoni yangu, Bagamoyo ingepata ile reli ya kati, leo watu wa Dar wasingekuwa na pa kwenda kulala Jumamosi.

Tanga yenyewe ilianza kupitwa bila watu wengi kung'amua. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kiliunganisha reli yetu na ile ya kati. Kwenye ramani ulikuwa ushindi, ila tangu hapo treni ya Dar kwenda Moshi haina haja ya kushuka pwani. Bei ya mkonge ikaporomoka kwa ajili ya nyuzi za plastiki, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na treni za abiria zikaja kusimama kwa miaka mingi. Treni ya Dar hadi Moshi ilirudi Desemba 2019, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Tanga mjini haiingii.

Kwa hiyo Raskazone ya leo ni ya wenyeji. Jumapili mchana bajaji zinatoka Ngamiani zimepakia watoto wenye mataulo shingoni, zinavuka reli, zinapita Bombo. Wakifika wanaangalia maji kwanza. Yakiwa yamepwa ni mawe na matope na hakuna wa kuogelea, basi watu wanakaa kwenye mihogo ya kukaanga wakisubiri yajae. Mgeni anayetaka kuungana nao akitokea Dar kwa treni, ashuke Korogwe, amalizie kwa basi.