Mnaangalia Moscow, angalieni Kigoma

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwenye semina. Mtu na heshima zake kasimama anasema waasi wote wa kikomunisti walikuwa vibaraka tu, amri inatoka Moscow, msituni wanatekeleza. Mimi nasema jirani wa mpakani ndo alikuwa na neno kuliko Moscow. Nimeijibu kauli hii mara nyingi mno mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naiandika, nikiulizwa tena natuma linki basi.

Tuanze na Ugiriki maana pale hoja inakufa mapema. Wakomunisti wa Ugiriki walipigana na serikali yao 1946 mpaka 1949, na mapema 1948 Stalin mwenyewe, mkuu wa Moscow, aliwaambia Wayugoslavia kwamba ule uasi uzimwe. Haukuzimwa, kwa sababu chakula, silaha na majeruhi vilikuwa vinapita mipaka ya Yugoslavia, Albania na Bulgaria. Halafu Tito, kiongozi wa Yugoslavia, na Stalin wakakosana, wakomunisti wa Ugiriki wakaegemea kwa Stalin, Julai 1949 Tito akafunga mpaka, na Agosti haijaisha jeshi la serikali likawa limeuteka mlima Grammos, ngome yao ya mwisho. Najua Marekani nayo ilikuwa imemwaga silaha na ndege upande wa serikali, sisemi mpaka peke yake ndo uliwamaliza. Ila angalia: Stalin alitaka waache, wakaendelea mwaka mzima na zaidi. Jirani alipofunga mlango hawakumaliza hata miezi miwili.

Sasa njoo Ziwa Tanganyika, maana hapa ndo watu wananikera kabisa. Kila mtu anajua Che Guevara, kamanda wa mapinduzi ya Kuba, alikuja Kongo 1965 kuwasaidia waasi wa mashariki, na kila mtu anaisimulia kama vile Havana ilikuja kuongoza mapinduzi. Hebu tazama kilichotokea. Che na wenzake wanatokea Dar, wanafika Kigoma, wanavuka ziwa usiku, Aprili 24 wanashuka Kibamba upande wa Kongo. Majina yao ya vita yalikuwa namba za Kiswahili: Dreke ni Moja, Martínez Tamayo ni Mbili, Che mwenyewe Tatu. Serikali ya Tanzania ilikuwa imekubali msaada wa Wakuba upite kwenye ardhi yake, lakini haikuambiwa kwamba Che yumo. Viongozi wa waasi nao hawakuambiwa mapema, wengi walikuwa Cairo kwenye mikutano yao. Yaani mgeni kaingia uani bila kupiga hodi, halafu mnaniambia ndo alikuwa bosi?

Na humo msituni hapakuwa na jeshi moja. Kulikuwa na Wakongo wa Fizi, kule mashariki kando ya ziwa, na jirani zake, wenye ugomvi wao na serikali ya Léopoldville (Kinshasa ya leo), na kulikuwa na wakimbizi wa Kitutsi kutoka Rwanda ambao walichotaka ni kurudi kwao. Juni 29 wakatumwa pamoja kushambulia kambi na bwawa la umeme la Bendera, mchanganyiko wa Wanyarwanda, Wakongo na Wakuba. Likawa balaa. Wakuba wanne wakafa, na maiti mmoja akakutwa na shajara, kuanzia hapo siri ya Wakuba ikawa haipo tena.

Lakini ukitaka kuuelewa ushirika wa namna hii achana na vita, angalia mizigo. Kambi ya juu ilikuwa mlimani, chakula na risasi vinashushwa ziwani, kwa hiyo lazima watu wabebe kupandisha. Che aliandika kwamba wapiganaji walikuwa wanakataa wakisema "mimi hapana motokari", na Wakuba walipozidi kuwa wengi ikaongezeka "mimi hapana Cuban". Msomaji wa Kizungu anapita hapo anaona uvivu tu. Mimi Mswahili nikiisoma nasikia mtu anasema: mkataba wa kubeba mzigo wako mimi sikuuweka. Hiyo ndo tofauti kati ya ushirika unaosainiwa mjini na ushirika wa kwenye kilima, na hakuna ofisi ya Moscow wala Beijing wala Havana ambayo ingeweza kumwamuru yule kijana ainue gunia.

Mwisho wake? Oktoba 13 rais wa Kongo, Kasavubu, anamfukuza waziri mkuu wake Tshombe, ambaye marais wengi wa Afrika hawakumtaka, marais hao wanakutana Accra, wanakubaliana kutoingiliana, na mwanzoni mwa Novemba Tanzania inawaambia Wakuba basi. Kwisha. Novemba 21 Che anavuka kurudi Kigoma, boti hazikuwatosha wote, Wakongo wengine wakaachwa ufukweni. Siku tatu baadaye Mobutu, mkuu wa jeshi la Kongo, akapindua serikali.

Nikiri jambo. Zamani nilikuwa nawaita wale wa Fizi "wakomunisti" bila kufikiri, siku hizi kalamu inasita. Silaha za Kichina walikuwa nazo, lakini walikuwa pia na dawa ya kugeuza risasi iwe maji na waliiamini kuliko kitabu chochote cha Marx. Na hii hoja yangu ya jirani nayo ina tundu: watu wa Chin Peng, kiongozi wa wakomunisti wa Malaya, walijihifadhi mpakani mwa Thailand kuanzia miaka ya 1950 mpaka waliposaini amani Hat Yai, mji wa Thailand, Desemba 2, 1989, na hawakushinda. Kwa hiyo maficho yanakuweka hai, hayakupi nchi. Upande wa pili kuna ZANLA, jeshi la chama cha ZANU cha Zimbabwe: FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipowafungulia njia ya Tete, mkoa wa Msumbiji mpakani, ndo vita ya Zimbabwe ikabadilika kuanzia Desemba 1972, na ile njia FRELIMO walianza kuwapa ZAPU kwanza, chama kingine cha Zimbabwe, watu wa Moscow hao, hawakuwa tayari. Jirani alichagua aliyekuwepo.

Na Laurent Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi hao wa 1965, alibaki Fizi. Mei 1975 watu wake wakavuka ziwa wakateka vijana wanne wa utafiti pale Gombe, hifadhi ya sokwe karibu na Kigoma, ndani ya Tanzania, kwenye nchi iliyokuwa mgongo wake. Miaka 22 baadaye akaingia Kinshasa, Mei 1997, na safari hii hapakuwa na Marx wala Mao, kulikuwa na majeshi ya Rwanda na Uganda. Agosti 1998 majirani haohao wakamgeukia.