Listi na fanksheni: dhana zinazosumbua wanaoanza kuandika kodi, na ukweli wake

Mtu akianza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, listi (vitu vingi vilivyopangwa kwa mfuatano) anaiona kitu chepesi tu, mabano ya mraba haya hapa, koma hapa na pale, imeisha. Fanksheni, yaani kipande cha kodi ulichokipa jina ili ukiite ukikihitaji, nayo hivohivo, unaandika def, unaweka jina, twende. Shida inakuja vikikutana, yaani pale unapoipa fanksheni listi iifanyie kazi, hapo ndo watu wanaanza kusema kompyuta ina mapepo. Haina mapepo, ni dhana chache ambazo mtu kazibeba toka mwanzo bila kujua na hakuna aliyemwambia.

Dhana: ukiandika b = a umeshapata kopi ya listi

Hii ndo mama yao wote, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Angalia:

alama = [45, 70, 62]
zingine = alama
zingine.append(90)
print(alama)

Wengi wanategemea waone [45, 70, 62] manake 90 imeongezwa kwenye "zingine" na sio kwenye "alama". Inayotoka ni [45, 70, 62, 90]. Ukweli ni kwamba listi ni moja tu, iliyoongezeka ni jina. Ni kama mtu mwenye jina la shuleni na jina la utani, ukimnyoa huyu wa jina la utani usitegemee yule wa shuleni abaki na nywele.

Na kinachofanya watu wachelewe kuistukia ni namba. Ukiandika x = 5, halafu y = x, halafu y = y + 1, x inabaki 5, kwa hiyo mtu anajiaminisha kwamba alama ya = inatoa kopi. Haitoi. Namba yenyewe haibadiliki hata siku moja, y + 1 inatengeneza namba mpya na jina y linahamia huko, x linabaki palepale. Listi inabadilika ikiwa palepale ilipo, ndo tofauti yenyewe hiyo.

Ukitaka kopi iombe: alama.copy() au alama[:] au list(alama), zote sawa. Ila kumbuka kopi hizo ni za juujuu, kama ndani ya listi kuna listi zingine basi zile za ndani bado ni zilezile. Ndo maana ukitengeneza jedwali kwa [[0] * 3] * 3 halafu ukabadili sehemu moja ya mstari wa kwanza, mistari yote mitatu inabadilika, manake ni mstari mmoja umeandikwa mara tatu.

Dhana: kinachofanyika ndani ya fanksheni kinabaki ndani ya fanksheni

Nusu kweli, na nusu kweli ndo mbaya zaidi. Majina unayoyaunda ndani yanabaki ndani, hapo sawa. Lakini listi uliyoipokea kama parameta, yaani kupitia yale mabano ya fanksheni, ni ileile ya nje, haijakopiwa mlangoni. Kwa hiyo fanksheni yenye mstari x.clear() itakufutia listi yako ya nje yote, ila fanksheni yenye mstari x = [] haitaigusa kabisa, kwa sababu imelihamisha tu jina x kwenye listi mpya na ile ya zamani imeachwa kama ilivyo. Mistari miwili inafanana kwa macho, matokeo mbingu na ardhi.

Mimi naona mtu anayeanza ajiwekee utaratibu mmoja: fanksheni yako iwe inarudisha listi mpya, au iwe inabadili ile iliyopewa, usichanganye vyote kwenye fanksheni moja halafu wiki ijayo ukasahau ipi inafanya nini.

Humohumo kuna mtego mwingine ambao hata watu wenye uzoefu unawapata:

def ongeza(jina, majina=[]):
    majina.append(jina)
    return majina

Ita ongeza("Asha") unapata ['Asha'], safi. Ita ongeza("Juma") unapata ['Asha', 'Juma'], sasa Asha katoka wapi tena? Ile listi tupu haitengenezwi kila ukiita, inatengenezwa mara moja tu pale Python inaposoma mstari wa def, na baada ya hapo kila mwito usioleta listi yake unatumia hiyohiyo. Dawa yake ni kuweka majina=None (None kwa Python ni "hamna kitu") halafu ndani useme kama ni None, majina = [].

Dhana: print na return ni kitu kimoja

Hapana. print inaonyesha kwenye skrini, return inakukabidhi jibu ili uendelee kulitumia. Kinachowachanganya watu ni kwamba ukijaribu fanksheni yako peke yake kwenye Python inayokujibu papo hapo (ile yenye alama >>>), print na return zote zinaonekana zimeleta kitu kilekile, lakini sasa fanya hivi:

def wastani(alama):
    print(sum(alama) / len(alama))

matokeo = wastani([45, 70, 62])

Skrini inaonyesha 59.0 na unafurahi, ila ndani ya matokeo hamna 59.0, kuna None. Siku utakayojaribu matokeo + 5 utaletewa erori inayotaja NoneType na utaanza kuitafuta kwenye mstari huo wakati kosa lipo juu kule. Fanksheni ya Python isiyo na return inarudisha None, haijalishi imeprinti vitu vingapi.

Ndugu yake huyo ni alama = alama.sort(). Usifanye. sort() inapanga listi ileile na inarudisha None, kwa hiyo kwa mstari huo mmoja umepanga listi yako vizuri kabisa halafu ukalipoteza jina lake. Andika alama.sort() peke yake, au kama unataka listi mpya tumia sorted(alama). append() nayo tabia yake ndo hiyohiyo.

Dhana: unaweza kufuta vitu kwenye listi huku lupu inaizungukia, mbona kwangu ilikubali

Ilikubali kwa bahati. Chukua [1, 2, 3, 4], zungusha lupu ya for (inayopitia kitu kimoja kimoja), kila namba inayogawanyika kwa 2 ifute kwa remove, unabaki na [1, 3], kila kitu poa. Sasa chukua [1, 2, 4, 5] na kodi ileile bila kubadili herufi: unabaki na [1, 4, 5]. Ile 4 imeponaje? Lupu inahesabu nafasi, na kwenye Python nafasi ya kwanza ni 0. Ilipokuwa nafasi ya 1 ikafuta 2, vyote vilivyofuata vikasogea nyuma hatua moja, 4 ikaingia nafasi ya 1 ambayo lupu imeshaipita, lupu ikaenda nafasi ya 2 ikakuta 5. Hamna erori, hamna onyo, jibu tu sio sahihi, na ndo maana mimi naiogopa hii kuliko zile zinazokuletea maandishi mekundu. Tengeneza listi mpya ya unavyovitaka, tuseme listi yako inaitwa namba: [n for n in namba if n % 2 != 0], yaani chukua kila n ambayo ukiigawa kwa 2 inabaki.

Dhana: fanksheni ni kwa ajili ya kodi inayojirudia tu

Kujirudia ndo sababu ya kihistoria, hilo sikatai. Kwenye kompyuta ya EDSAC pale Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, iliyoanza kufanya kazi 1949, David Wheeler na wenzake walikuwa na maktaba ya vipande vya programu vilivyohifadhiwa kwenye tepu za karatasi ili mtu asiandike upya kila kitu, na 1951 yeye, Maurice Wilkes na Stanley Gill wakatoa kitabu juu ya njia hiyo.

Lakini hata kipande unachokitumia mara moja kinaweza kustahili jina lake. Ile wastani ya juu, ukiipa listi tupu inalia ZeroDivisionError kwa sababu inagawa kwa 0. Ukiwa na fanksheni unaamua sehemu moja listi tupu ijibiwe nini, unaijaribu yenyewe bila kuendesha programu nzima, imeisha. Ukiwa umetapakaza hesabu hiyo kila kona, kazi unayo.

Dhana: kuhesabu kuanzia 0 ni sheria ya kompyuta zote

Ni uamuzi wa lugha. Python, C, Java na JavaScript zinaanza na 0, Lua, R na MATLAB zinaanza na 1. Cha kukumbuka kwenye Python ni kwamba listi ya vitu 3 inaishia nafasi ya 2, na ukitaka cha mwisho andika alama[-1], usihangaike na len.

Dhana: lazima ukariri amri zote za listi

Za kawaida zipo 11 tu kwenye Python na kwa kuanzia append, pop, remove na sort zinakutosha siku nyingi, ukiongeza len na in. Ukisahau andika dir([]) uone majina yote, au help(list.sort) ukitaka maelezo ya moja, na usome mpaka pale inapokuambia inarudisha nini.